Nimekata Mgolole wa Baba Mkwe Nikashona Nepi

Shangazi Jubilate, shikamoo. Nakuandikia mtoto akiwa amelala ndani ya ile nepi iliyoniletea balaa, na kabla hujaniuliza kama nina akili timamu naomba unisome mpaka mwisho, maana najua nikilieleza jambo hili kwa mdomo, watu watacheka pale ambapo mimi nalia.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja wa kiume, ana miezi minne, ni afisa kilimo, kwetu ni Muleba, serikali ilinileta huku Ipinda miaka mitatu iliyopita nikitokea Maswa, na huku nikaolewa na kijana wa Bujonde, tumwite Sadoki, karani wa chama cha wakulima wa kokoa, mwanamume mzuri tu ila ana tabia ya kujibu kabla hajasikia swali, na tabia hiyo utakutana nayo mbele. Huko Maswa kazi yangu ilikuwa pamba, Shangazi, nimeona inavyopuliziwa dawa, nimeona mpuliziaji amejifunga kitambaa puani na macho yamemwiva, nikajiapiza kwamba siku nikijaliwa mtoto hatavaa kitu ambacho sijui kimelimwaje na kimetoka wapi, na kiapo hicho nilikiweka nikiwa sina mtoto, wakati ambapo kila mtu ni mlezi hodari.

Basi mtoto akaja, na wewe joto la Kyela unalijua, mvua imesimama na jua limetoka hapohapo, ukivaa blauzi unajuta, lakini wageni waliokuja kunipa pole ya uzazi walileta blanketi za manyoya, sweta, kofia zenye mashada na soksi za kufika magotini, utadhani mwanangu anapelekwa kuishi Makete, nami kwa heshima nikamvalisha vyote, na pampasi juu yake, na ile chupi ya plastiki juu ya pampasi, na ndani ya wiki mbili mtoto akatoka upele kuanzia shingoni mpaka mgongoni, na makalio yakachubuka mpaka nikawa namwosha huku nimefumba macho. Muuguzi wa kliniki akaniambia maneno machache tu, mama huyu anapikika, mvulie hayo madude, mvalishe pamba nyepesi na umwache apate hewa.

Hapo ndipo wazimu uliponiingia. Nikajiunga na kundi la akina mama la wasapu, nikajifunza kwamba ukitaka kujua kitambaa unachomoa uzi mmoja unauchoma kwa kiberiti, ukiungua kama karatasi na kuacha majivu laini hiyo ni pamba, ukinywea na kuacha kidonge kigumu hiyo ni plastiki imejifanya nguo, na kuanzia siku hiyo Shangazi sikuacha kitu, nilichoma uzi wa sweta, nilichoma uzi wa kofia, na blanketi aliloleta wifi yangu Asifiwe nililichoma yeye mwenyewe akiwa sebuleni anakunywa soda, sikuwa nimekusudia lishike moto, lilishika, likatoboka tundu la kuingiza ngumi, na nyumba ikanuka kama wanachoma ndoo. Asifiwe alimaliza soda yake, akaaga, hajarudi mpaka leo.

Nikaagiza nepi za pamba hai kutoka kwa muuzaji wa kwenye simu, picha ina mtoto mnene amelala kwenye majani, maandishi yanasema hazina sumu, hazina rangi, zinarudi ardhini zikichakaa, zilipofika nikachoma uzi, kidonge kigumu, nikamwandikia muuzaji akaniambia hizo ni za mianzi dada yangu, nikamwambia nimekulia karibu na mianzi na sijaona ikiyeyuka, akanifungia nisimpate tena.

Sasa nifike kwenye dhambi yenyewe. Siku moja, Sadoki yuko kazini, natafuta kitambaa chochote cha pamba cha kukata nepi, nikaona nyuma ya kiti chumbani mfuko wa rambo, ndani yake kuna shuka jeupe, zito kidogo lakini laini, laini namna ambayo nguo haiwi mpaka iwe imefuliwa miaka na miaka, nikachomoa uzi pembeni, nikauchoma, ukawaka kama karatasi ya daftari, majivu nikayapuliza yakapotea, Shangazi mimi nilipiga magoti pale chumbani. Nikampigia Sadoki nikamuuliza, hili shuka jeupe kwenye mfuko ni la nini, nasikia nyuma yake mizani na wakulima wanabishana, akasema, ah, hilo la zamani hilo, nikamuuliza lina kazi, akasema haya, sawa, simu ikakatika. Mimi nikachukua hiyo kuwa ruhusa. Nikavuta cherehani, nikakata nepi kumi na mbili, nikazikunja pindo vizuri, kipande kilichobaki nikafanya cha kufutia cheulio, yale maziwa anayotema akishanyonya.

Na huwezi amini, siku ya nne upele ulianza kufifia, wiki ya pili makalio ya mtoto yakawa yamerudi kama alivyotoka kwa Mungu, analala, anacheka mwenyewe, nami nikawa naanika zile nepi mbele ya nyumba zikiwa zimejipanga, naringa.

Mama mkwe alikuja kututembelea wiki hiyohiyo, akapita kwenye kamba, akashika nepi moja, akaigeuza upande wa pindo, akakaa nayo kidogo, akaniuliza, "Hizi umezipata wapi mwanangu?" Sijui nilitaka kujikweza au niliogopa ataniambia nimeharibu shuka zima, nikamjibu nimeokota kwenye mtumba pale sokoni. Akasema, "Mtumba wa siku hizi mzuri fijo," yaani mzuri sana. Akaongeza nizipige pasi, kuna funza wa nguo wakati wa mvua. Akamshika mjukuu wake, akamtazama makalio, akaondoka.

Jioni ya siku iliyofuata Sadoki akiwa anakula akaniuliza, mgolole wa mzee uko wapi, mama ameniuliza kama nimeshaupiga pasi. Nikamuuliza mgolole gani. Akasema ule mweupe, alionipa mama niupige pasi kwa sababu kule Bujonde pasi yao ni ya mkaa na inaweza kudondosha cheche, niliuweka kwenye mfuko nyuma ya kiti. Tulitazamana. Kisha wote wawili tukageuka kutazama kamba ya nguo kupitia dirishani.

Shangazi, wewe ni wa huku, unajua mkamwana na baba mkwe wanavyoishi. Mimi mila hii nimeishika kuliko mabinti wa hapahapa, wengi wao siku hizi wanampa mzee mkono na kumuuliza habari za mpira, mimi nikimwona barabarani natoka pembeni, nachuchumaa, kanga usoni mpaka apite, jina lake silitaji hata kwenye barua hii, chombo chake sigusi, na kwa miaka miwili baba mkwe wangu ninamjua kuanzia kifundo cha mguu kwenda chini, ndala zake nitazitambua kati ya ndala mia. Huo mgolole anaufunga begani kwenye misiba na harusi na vikao vya ukoo, Kyela nzima inaujua, ni mimi peke yangu nisiyeujua, kwa sababu kila alipouvaa mimi nilikuwa natazama chini kwa adabu. Ulikuwa wa baba yake kabla haujawa wake.

Na Jumamosi ya wiki ijayo kuna shughuli Bujonde, mtoto anapewa jina la babu yake, ibada kwanza kisha nyumbani, mzee atampokea akiwa amevaa mgolole huo, na baada ya hapo, kwa desturi ya familia hii, atanifungulia, maana yake atanipa zawadi na kuanzia siku hiyo nitaruhusiwa kumsalimia nikiwa nimesimama, nimwone uso. Hilo ndilo ninalolililia. Mimi baba yangu alifariki nikiwa darasa la pili, nimemsubiri mzee huyu miaka miwili, na sasa mtoto wake wa kiume amezaa mjukuu anayemnyea kwenye nguo ya ukoo mara saba kwa siku, na mwenye kosa ni mimi.

Sadoki ana mpango wake. Anasema tununue shuka jeupe mjini Kyela, ameshaliona, ni la poliesta, tulichemshe na majani ya chai lipate sura ya uzee, tulipige pasi tulipeleke, mzee macho yake hayaoni vizuri. Mama mkwe, kwa mujibu wa Sadoki, ameshaulizwa na mzee mara mbili, na mara zote mbili amemjibu kwamba mgolole upo kwa mtoto wako, bado anaupiga pasi. Na juzi mzee mwenyewe alipita njia ya hapa kwetu, hakuingia, alisimama barabarani, akamtuma jirani aniambie kwamba ameona nguo za mjukuu wake kwenye kamba na mkamwana anafua vizuri. Nilimsikiliza jirani nikiwa nyuma ya mlango.

Niseme au nikae kimya, Shangazi? Nikisema, nimegusa nguo yake, nimeikata, nimeivika pabaya, na huku wanasema ukivunja mwiko huo unaweza usizae tena au mtoto akadhoofika. Nikinyamaza, ninaingia kwenye ibada na shuka la chai. Tena nikuambie ukweli ambao hata Sadoki sijamwambia, sitaki kuzirudisha nepi. Mtoto amepona.

Usinitaje jina.

Mama Nepi, Ipinda.

* * *

Mama Nepi, jina hilo umejipa mwenyewe, mimi simo.

Pole kwanza, na nimecheka. Nimecheka mpaka jirani yangu amekuja kuuliza kuna nini, nikamwambia ni mambo ya kazi. Nilikuwa mkunga wilaya hii miaka thelathini na moja, nimeona mtoto amevikwa gunia la mchele la plastiki, nimeona mtoto amefungwa bendera, lakini nguo ya kikao cha ukoo sijawahi kuiona ikifanya kazi hiyo. Hongera, umeniongezea moja.

Tuanze na lile ulilolifanya sawa, kwa kuwa ni dogo na tutalimaliza haraka. Kuhusu nguo ya kichanga uko sahihi. Mtoto wa Kyela hahitaji manyoya. Anahitaji pamba nyepesi, iliyochakaa, inayonyonya jasho na kupitisha hewa, na saa nyingine za mchana hahitaji chochote zaidi ya kanga iliyotandikwa na makalio yake wazi. Tena kitambaa kilichofuliwa miaka ishirini kimeshatoa dawa yake yote, rangi yake yote na wanga wake wote, na hakuna shamba jipya lililopuliziwa dawa kwa ajili yako. Bibi zetu walilijua hilo bila kujiunga na kundi la wasapu. Walichana kanga kuukuu wakafunga watoto, na hawakumwita mtu kuja kupiga picha kwenye majani.

Lakini wewe umeifanya pamba kuwa dini, na kiberiti kuwa padri wake. Mwanamke mwenzio amepanda gari na blanketi mapajani, amekuja kukuona na kichanga, unamchomea zawadi yake mbele ya soda yake. Uzi unachomolewa mgeni akishaondoka, binti. Unachomolewa jikoni, mlango umefungwa, na ukigundua ni plastiki unakunja blanketi, unaliweka kabatini, unasema ndaga, asante. Siku ukipelekwa kikazi Makete utamkumbuka Asifiwe. Ziba lile tundu kwa kiraka, mpelekee salamu, na ukimkuta amenuna kaa hapo mpaka anune vya kutosha.

Na huyo muuzaji wa mianzi mwache. Mianzi ikishakuwa kitambaa laini imepitishwa kwenye dawa nyingi kuliko hiyo pamba unayoikimbia, na hizo zako hata mianzi hazikuwa. Uliambiwa unachotaka kusikia na ukalipa.

Sasa nipe nafasi niongee na Sadoki, maana najua anasoma huku amesimama nyuma ya bega lako. Baba, mkeo amekuuliza nguo hii ina kazi, ukasema haya, sawa. Haya sawa nini? Mama yako alikupa wewe mgolole, kwa mkono wake, kwa sababu mkeo hatakiwi kuugusa. Alikuamini wewe uwe ukuta. Ukauweka nyuma ya kiti ndani ya mfuko wa rambo kama mabaki ya nyama, ukaenda kupima kokoa. Kwa hiyo kwenye kesi hii mshtakiwa wa kwanza ni wewe, na mkeo ni wa pili.

Na huo mpango wa chai ni wa mtu asiyejua chai wala nguo. Poliesta haishiki chai, Sadoki. Utachemsha sufuria nzima, utapuliza moto mpaka ulie, na shuka litatoka jeupe kama lilivyoingia, labda na madoa mawili matatu ya aibu. Hata likishika, mzee wa watu atasimama ibada nzima katika joto hili akiwa amejifunga plastiki, atatoka upele uleule aliokuwa nao mjukuu wake, na huyo sasa utamkatia nini? Macho yake hayaoni vizuri, sawa, lakini bega lake linafanya kazi. Mtu aliyevaa nguo moja maisha yake yote anaijua gizani. Njia ya mwongo ni fupi, na yako haifiki hata Bujonde.

Nirudi kwako, mama. Unaogopa mwiko. Mimi pia nimeolewa huku, nimechuchumaa kwenye mitaro ya wilaya hii na mimba ya miezi minane, baba mkwe wangu anapita na baiskeli taratibu kwa makusudi, Mungu amrehemu, alikuwa mtani. Kwa hiyo sikudharau. Lakini nimepokea watoto wa wanawake walioshika mila yote na wa wanawake waliovunja yote, na wanatoka kwa njia ileile. Mtoto wako hadhoofiki kwa sababu ya mgolole. Umesema mwenyewe amepona kwa sababu yake. Mila hii haikuwekwa ili ikutishe kizazi, iliwekwa ili kila mtu ndani ya nyumba ajue mpaka wake, na mpaka ulivukwa na kosa, si na kiburi. Kosa lina dawa. Kosa lililofichwa ndilo linalooza, na wewe ulilificha siku uliposema mtumba.

Hapo kwenye mtumba nataka utulie, kwa sababu barua yako umeiandika wewe lakini nadhani hukuisoma.

Mama mkwe alishika nepi. Akaigeuza upande wa pindo. Akakaa nayo kidogo. Mwanamke huyo ameufua mgolole ule tangu alipoingia kwenye boma lile akiwa msichana. Ameuanika, ameukunja, ameushona ulipochanika, ameusubiri ukauke siku za msiba mvua ikinyesha. Unadhani vidole vyake vinahitaji kuambiwa? Alijua, mama. Alijua akiwa bado amesimama kwenye kamba. Ndiyo maana akakuuliza umezipata wapi, na hakuwa anauliza habari za nepi. Alikuwa anakufungulia mlango upite, wewe ukampa habari za mtumba.

Na bado alifanya nini? Hakupiga kelele. Alikuambia upige pasi, funza wasimwingie mjukuu wake. Akamtazama mtoto makalio, akaona ngozi imerudi, akaenda nyumbani. Na mumewe alipouliza mgolole uko wapi akamwambia uko kwa mtoto wako, bado anaupiga pasi. Akasema hivyo mara mbili. Mwanamke mzee wa kanisa, anayejua siku hazijabaki nyingi, anamdanganya mume wake aliyeishi naye miaka yote hii, ili wewe upate muda wa kuja kusema mwenyewe. Hajamwambia Asifiwe, na Asifiwe angefurahi sana kuambiwa. Hajamwambia Sadoki. Anakubebea mzigo wako mgongoni, na wewe uko Ipinda unaniuliza mimi kama useme au unyamaze.

Nakujibu basi. Useme, na useme kesho. Nimekutumia jibu hili kwenye simu leo Jumapili, gazeti litatoka Alhamisi. Jina lako nimelificha kama ulivyoomba, lakini nepi kumi na mbili za mgolole hazifichiki, wilaya nzima ziko za mtu mmoja. Ukichelewa, Bujonde watakusoma kabla hawajakusikia. Sikufanyii hivi kwa ubaya. Nakufahamu kwa barua moja tu, lakini nakuona ni mtu wa kungoja mpaka mtoto aache nepi.

Panda pikipiki ya asubuhi, beba mtoto, mvalishe hiyohiyo nepi. Zile nyingine zifue, zipige pasi, zikunje, uende nazo zote pamoja na kile kipande cha cheulio. Usimtangulize Sadoki. Kosa la mfuko ni lake na atalisema siku yake, lakini uongo wa mtumba ni wako peke yako, na uliusema kwa mama, sio kwa mzee. Kwa mzee huna la kusema na huruhusiwi kusema, na hapo mila inakusaidia, ishukuru. Neno la kwenda kwa mzee linapita kwa mama. Atachagua yeye aseme nini, lini, na baada ya chakula kipi. Waachie. Walikuwa wanajua kuzungumza kabla wewe hujazaliwa.

Wakati uko huko, Sadoki aingie mjini Kyela atafute marekani, ile pamba nene isiyo na rangi, aombe muuza duka amchomolee uzi pembeni, hapo kiberiti kina kazi. Anunue pande la kutosha mgolole. Alifue kwa mikono yake mara tatu mpaka wanga utoke, alianike, alipige pasi, alipeleke kwa baba yake na kusema hili ni jipya, na lile la zamani nililizembea mimi. Aseme mimi. Likiwa jipya lionekane jipya. Wazee wa ukoo watauliza ule mwingine uko wapi, na huenda mzee akakasirika, na huenda Jumamosi akampokea mtoto bila kukufungulia wewe. Hilo silifichi. Linawezekana, na litakuuma, na utachuchumaa mwaka mwingine mmoja. Utaumia ukiwa mkweli, na mwakani atajua anamfungulia nani.

Kuhusu kuzirudisha nepi, usiamue wewe. Mpe mama zote mkononi. Akizichukua, amezichukua, kata kanga zako kuukuu, mtoto hatajua tofauti. Akikurudishia, endelea, zianike juani zikauke kabisa, pasi pande zote mbili, kila siku, msimu wote wa mvua.

Na ukifika pale, mama, nakuomba sana usianze na habari za pamba. Usianze na upele, wala muuguzi, wala Maswa, wala simu iliyokatika. Hizo sababu zote ni za kweli na hakuna hata moja aliyokuuliza. Mpe mtoto ampakate. Kaa chini. Sema, mama, nimekosa, nilikudanganya. Kisha nyamaza, umwache aseme yake mpaka amalize.

Shangazi Jubilate